Sahihi ya Pili

4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini boila yako ni nzima na geji bado zinakutii. Mimi ni mzima. Leo nimetimiza wiki kumi na nne hapa kituoni, na bado kila asubuhi nikibandika kifuani ile beji ya kupimia mionzi najiona kama mtu aliyevaa koti la mwenzake.

Ulisema nikuambie kila kitu, tena kwa namba. Haya. Mtihani wangu ni tarehe 20 Mei, mbele ya jopo la watu watano. Nikipita, napewa kibali cha kukaa kwenye chumba cha kuongozea kinu, na hapo ndipo mtu anaitwa mhandisi wa nyuklia bila watu kukohoa. Nisipopita, narudishwa kwenye madaftari, na wanaorudishwa kwenye madaftari huwa hawaitwi tena.

Kuna jambo lingine, dogo. Hapa kila vali ya maji ya kupoza hukaguliwa na watu wawili. Wa kwanza anashika gurudumu lake, anahakikisha limefungwa, anatia sahihi. Wa pili anakwenda baadaye, peke yake, anashika kwa mkono wake mwenyewe, naye anatia sahihi. Juzi mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mwenzangu tunayemwita Twiga, kwa urefu wake. Tulikuwa tunapiga soga, nikaongozana naye, nikamwona akishika gurudumu la vali ya kumi na saba, nikatia sahihi bila kuligusa. Vali ilikuwa imefungwa sawasawa. Hakuna kilichotokea. Lakini nilipofika mezani moyo ulikataa, nikajiandikia ripoti mwenyewe.

Mkuu wa Zamu aliisoma, akasema "Asante," akaibandika ubaoni watu wote waione. Watatu wamenipa mkono. Sijaelewa kama ni pongezi au ni pole.

Mpwa wako


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika siku ya kumi. Nimeisoma mara tatu nimesimama, kisha nikaitia kwenye tanuri la boila. Usiwe na wasiwasi, imeungua yote, na bahasha yake. Kwa upande wangu ushahidi haupo.

Sasa nisikilize. Nina miaka ishirini na mbili kwenye boila ya kufulia nguo za hospitali. Katika miaka hiyo nimeona watu saba wakisimama mbele ya msimamizi na kusema "ni mimi." Wote saba walifukuzwa. Saba kwa saba. Wale waliosema "sijui, nimekuta hivyo" wapo mpaka leo, na wawili wamepandishwa cheo. Wewe uliyesoma hesabu mpaka zile zisizo na namba ndani yake, niambie, hapo panahitaji kikokotoo?

Vali ilifungwa. Sahihi ipo. Hasara ni sifuri. Sasa uliripoti nini? Umewachimbia shimo, ukaingia mwenyewe, ukawapa koleo wakufukie.

Na hiyo "asante" ya wakubwa naijua mimi. Niliwahi kuambiwa asante na kijana mwenye tai niliyemfundisha kusoma geji. Kesho yake alikuwa msimamizi wangu.

Ukiulizwa tena, sema ulishika. Mkono ni wako, nani atabisha? Huyo Twiga macho yake yalikuwa huko juu aliko.

Usitie sahihi karatasi nyingine yoyote. Simu nimeizima, huenda wanasikiliza.

Shangazi yako


16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Naandika upesi, gari la posta linaondoka langoni muda si mrefu.

Nimeondolewa kwenye mzunguko wa vali kwa wiki tatu. Siku nzima nakaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, mimi na kitabu cha kurasa mia nne na sita na mzee mmoja mstaafu anayeniuliza maswali huku akimenya chungwa. Twiga anaendelea na kazi yake kama kawaida.

Wanasema hii si adhabu, eti kila anayejiripoti hupitia hapa. Nikawauliza, mbona mwenzangu hakuletwa? Wakasema yeye alishika vali. Ni kweli, alishika. Lakini nikitazama ukuta mahali ambapo dirisha lingekuwa, sijui niamini lipi.

Nimekupigia mara nne. Kuna nini?

Mpwa wako


24 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imefika. Kwanza, hakuna anayesikiliza simu ya mtu wa boila. Iwashe.

Pili, umeuliza niliripoti nini wakati hasara ni sifuri. Nimejaribu kukujibu kwa maneno nimeshindwa, nikakumbuka unapenda namba.

Tuseme mtu makini hukosea mara moja katika mia. Wawili wakikagua, kila mmoja kivyake, wote wakosee vali ileile siku ileile, hiyo ni mara moja katika elfu kumi. Kinu kizima kimejengwa juu ya elfu kumi hiyo. Lakini wa pili akitembea nyuma ya wa kwanza, anaona alichoona yule na kuamini alichoamini yule. Hapo tumerudi kwenye mia, ila karatasi bado inasema elfu kumi. Vali ilikuwa salama, Shangazi. Uongo ulikuwa kwenye karatasi, na walioko chumba cha kuongozea hawaioni vali, wanaona karatasi tu.

Hao saba wako siwajui. Labda hapa nami nitakuwa wa nane. Mzee wa machungwa anasema la, lakini yeye husema "la" kwa kila kitu, hata nikimsalimia.

Tafadhali usihangaike.

Mpwa wako


25 Machi

Kwa Mkuu wa Zamu, Kituo cha Umeme wa Nyuklia

Mheshimiwa,

Mimi ni shangazi wa binti mliyemfungia kwenye chumba kisicho na dirisha. Nimemlea tangu akiwa na miaka minne, kwa hiyo namjua kukuzidi wewe na jopo lako la watano.

Siku ileile ya tukio aliniandikia barua, ninayo hapa mkononi, akinieleza kwamba alilishika gurudumu la vali ya kumi na saba kwa mkono wa kulia, kwamba lilikuwa la baridi na limekaza, na kwamba ndipo alipotia sahihi. Sasa nasikia kuna ripoti inayosema hakulishika. Mheshimiwa, huyu binti ana ugonjwa wa kubeba lawama zisizo zake. Akiwa na miaka tisa alikiri kuvunja kioo cha kabati ilhali siku hiyo alishinda shuleni.

Naomba ripoti hiyo ifutwe na arudishwe kazini kabla ya mtihani. Mimi mwenyewe ni mtu wa mvuke, mwaka wa ishirini na mbili huu, na sijawahi kulipua kitu.

Wako mtiifu,
Shangazi wa mhandisi


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya tarehe 24 nimeipata juzi. Hesabu yako nimeirudia nyuma ya karatasi ya orodha ya mashuka. Mara ya kwanza nilipata elfu kumi. Nikasema haiwezekani, nikarudia. Ikaja elfu kumi tena.

Nikakaa.

Unamkumbuka mwenzangu wa zamu, Polepole? Kila asubuhi sisi wawili tunatakiwa kuipima vali ya usalama ya boila, mimi kwanza, yeye baada ya nusu saa. Mimi naipima. Yeye anafika, anauliza "Iko sawa?" nasema "Iko sawa," anatia sahihi chini ya yangu huku akikoroga chai. Miaka kumi na moja. Toa Jumapili, ni siku mia tatu kumi na tatu kwa mwaka. Sahihi elfu tatu mia nne arobaini na tatu, na hakuna hata moja iliyokagua kitu. Na mimi ndiye niliyemwambia mwaka wa kwanza, "Usijisumbue, mimi nimeshaona."

Nilidhani nilikuwa namfanyia hisani.

Sasa sielewi. Kama wewe uko sahihi, basi "asante" yao inawezekana ni asante kweli. Na kama ni asante kweli, basi kuna mambo mengine nayo yanageuka. Hebu niulize kitu kidogo tu: huyo Mkuu wako huzisoma yeye mwenyewe barua anazoletewa, au kuna karani? Na barua ikipotea njiani huko kwenu huwa inatafutwa?

Nauliza tu.

Shangazi yako


6 Aprili

Shangazi,

Leo sina salamu.

Mkuu wa Zamu ameniita. Juu ya meza kulikuwa na ripoti yangu, na pembeni yake barua yenye mwandiko ninaoujua tangu chekechea. Akanipa niisome. Akaniuliza taratibu kabisa: "Ulishika au hukushika?" Nikasema sikushika. Akauliza: "Mbona ulimwandikia shangazi yako kwamba ulishika?" Nikasema sikumwandikia hivyo. Akasema: "Basi aniletee barua anayosema anayo."

Barua gani, Shangazi? Uliyonayo ni majivu.

Anasema moja kati ya mawili ni uongo. Kama ripoti ni ya uongo, nimejitungia kosa ili nionekane mwaminifu, na mtu wa namna hiyo hawezi kukaa mbele ya kinu. Kama barua ndiyo ya uongo, nilikudanganya wewe siku ileile niliyokuwa nakiri kwao, na huyo pia hawezi kukaa mbele ya kinu. Mtihani umesimamishwa mpaka ijulikane. Nilijaribu kusema kuna njia ya tatu, kwamba aliyetunga ni wewe. Mdomo ulikataa kusema hivyo juu yako mbele ya mgeni. Nikasema sijui.

Na kuna jambo baya zaidi. Nimetoka pale, nikasimama kwenye korido, nikajaribu kuiona siku ile. Namwona Twiga. Nauona mkono wake. Halafu nauona wangu, kwenye chuma, wa kulia, na chuma ni cha baridi na kimekaza. Sijui hiyo ni kumbukumbu au ni barua yako.

Na kile kioo nilikivunja mimi. Shuleni nilikwenda mchana.

Mpwa wako


16 Aprili

Mwanangu,

Ndiyo, niliandika. Nilitunga. Ulitaka nikae nikunje mikono wakati umefungiwa na mzee na machungwa? Mimi sina cheti, sina tai, ninachoweza kukufanyia ni kile ninachokijua, na ninachokijua ni kwamba anayesema "ni mimi" anaondoka na sanduku lake.

Nilikuambia saba. Sikukuambia kwamba wa nne ni mimi. Ulikuwa na miaka sita. Niliacha maji ya boila yashuke chini ya mstari wa usalama, dakika tisa, nikayaona kwa wakati, nikayarudisha. Hakuna aliyejua. Nikaenda mwenyewe kwa msimamizi nikasema. Alinishukuru, mwanangu. Alinishukuru kwa mdomo wake. Saa sita mchana jina langu lilikuwa langoni, kwenye orodha ya waliofukuzwa. Mwaka mmoja na miezi miwili nilifagia sakafu za hospitali ileile kabla hawajaona kwamba hakuna mwingine anayejua ile boila inataka nini. Wewe nilikuambia nimebadilishiwa zamu.

Basi hapo ndipo barua ilipotoka. Haikutoka kwenye ubaya.

Sasa tuitengeneze. Wanataka barua, watapata barua. Mwandiko wako naujua, ile "s" yako iliyolala kama mgonjwa naiweza. Nikiandika leo, nikaiweka karibu na mvuke siku mbili, itaonekana ya Machi.

Niambie tu kalamu ilikuwa ya rangi gani.

Shangazi yako


26 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Usiandike. Usiiweke karibu na mvuke. Weka kalamu chini.

Sikujua kuhusu dakika tisa. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko zote. Nakumbuka ulikuwa ukirudi na mikono inanuka dawa ya sakafu, nikadhani ndivyo zamu mpya inavyonuka. Pole, Shangazi. Pole sana. Lakini hainisaidii.

Mkuu ameniuliza mara ya pili. Nimejibu tena "sijui," na safari hii sikuwa nakuficha, ni kweli sijui. Ameiandika kwenye fomu neno hilohilo: hajui. Tarehe 4 Machi nilijua. Nilikuwa na kosa moja dogo, langu, ninalolijua mwanzo mpaka mwisho. Sasa hata kosa lenyewe sina. Hicho ndicho ulichonichukulia, na najua hukukusudia, na sijui nifanye nini na hayo mawili kwa pamoja.

Jopo litafunga jalada tarehe 16 Mei. Siwezi kukuamuru kitu, wewe ni shangazi yangu. Nakuambia tarehe tu.

Mpwa wako


5 Mei

Kwa Mkuu wa Zamu

Mheshimiwa,

Barua yangu ya tarehe 25 Machi ni ya uongo. Si sehemu yake, yote, isipokuwa mahali niliposema nimemlea na mahali niliposema sijalipua kitu.

Barua niliyosema ninayo mkononi, sikuwa nayo. Iliyokuwepo ilisema kwamba alimwona mwenzake akishika vali, akatia sahihi bila kuigusa, na moyo wake ukakataa. Hiyo niliichoma mwenyewe tarehe 14 Machi, kwenye tanuri la boila, kabla ya zamu. Ya baridi na ya kukaza niliyatoa kichwani mwangu. Vali zote ninazozijua ni za moto, nikafikiri yenu itakuwa kinyume. Binti hakunituma, hakujua, na alipojua alikataa nisiendelee.

Sasa anasema hajui kama alishika. Anajua. Ni mimi niliyemvuruga. Kama kuna fomu ya kumwondolea mtu kitu alichotiwa kichwani na mwingine, nitumie niijaze.

Najua mtu aliyesema uongo mara moja neno lake halina uzito. Ningeleta shahidi ningekuwa naye. Sina. Nilikuwa peke yangu na moto.

Na ile "asante" uliyomwambia siku ya kwanza, ulikuwa unamaanisha? Naomba unijibu hilo hata kama mengine hutajibu.

Shangazi yake


17 Mei

Bibi,

Barua zako zote mbili zimepokelewa. Ya kwanza inasema ndiyo, ya pili inasema hapana, na mwandishi ni mmoja. Jopo limeziweka zote mbili kando na kubaki na ripoti ambayo mpwa wako aliiandika siku ya tukio.

Hata hivyo, yeye mwenyewe sasa anasema hajui. Jopo haliwezi kumpa kibali mtu asiye na uhakika na alichokifanya. Vilevile halikuona sababu ya kumwondoa mtu aliyekuwa na nafasi mbili za kujibu "nina uhakika" na hakuitumia hata moja. Mtihani wake umesogezwa hadi tarehe 19 Novemba. Ataanza mafunzo yote upya, tangu wiki ya kwanza.

Fomu unayoiulizia hatuna.

Kuhusu asante: ndiyo, nilimaanisha.

Mkuu wa Zamu


23 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Tarehe 20 imepita. Waliitwa wengine wanne, Twiga akiwemo, naye amepata kibali. Amenikumbatia, kidevu chake kikagonga juu ya kichwa changu, akasema "Novemba si mbali." Ni siku mia moja na themanini. Nimehesabu, ni ugonjwa wa kurithi.

Mkuu aliniambia barua yako ya pili ilikuwa barua nzuri. Hakunionyesha. Nilitaka kukasirika, nikajikuta nataka kuisoma.

Nimeanza upya mzunguko wa vali. Kila gurudumu nalishika kwa mikono miwili, mzee wa machungwa nyuma yangu akihesabu. Ya kumi na saba nimeishika mara tatu wiki hii. Ni ya baridi, Shangazi. Na imekaza. Sijui ulibahatishaje. Kila nikiishika, baridi ya leo inarudi nyuma na kuingia kwenye siku ile, na siku ile inazidi kuwa na mikono mingi. Mzee ameniambia niache kuitafuta, kwamba vali ya jana haikaguliki. Ni mara ya kwanza kunijibu kitu kisicho "la."

Nina ombi. Mpaka Novemba usiniandikie chochote kuhusu kazi. Yangu wala yako. Si kwa hasira. Au ni kwa hasira, bado sijajua. Ukianza kunieleza vali, sauti yako inakuwa kubwa kichwani kuliko mkono wangu. Niandikie mengine.

Nakupenda, hilo nina uhakika nalo.

Mpwa wako


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Umesema nisiandike ya kazi. Nimekaa na karatasi hii wiki mbili na nusu, ndiyo maana nimechelewa. Nilipotoa ya kazi, sikuona kilichobaki. Nikasema haiwezekani mtu awe mtupu kiasi hiki, nikaanza kuangalia vizuri.

Basi haya ndiyo mengine. Mvua imenyesha siku tatu. Nimenunua viatu, vinabana kulia, kushoto ni sawa. Jirani wa juu anajifunza tarumbeta. Ana wimbo mmoja, anaukosea mahali palepale, mara kumi na mbili kwa saa kwa wastani. Kumbe amekuwa akijifunza tangu mwaka jana. Sikujua kwa sababu hupiga asubuhi, na asubuhi nilikuwa sipo. Siku hizi asubuhi niko nyumbani. Hii ni wiki ya tatu.

Sababu yake ni ya kazi, kwa hiyo sikuambii. Nitasema tu kwamba safari hii pia hakuna aliyeniuliza, nilikwenda mwenyewe na kitabu cha sahihi chini ya kwapa. Polepole naye yuko nyumbani, na hanisalimii. Msimamizi mpya hakusema asante.

Nilidhani ningejisikia vibaya kama ile mara ya kwanza. Najisikia vibaya, lakini si kama ile. Sijui tofauti ni nini. Wewe mwenye kusoma ungeniambia, ila nayo ni ya kazi.

Jana jirani aliupiga wimbo mpaka mwisho bila kukosea. Nilikuwa naosha vikombe. Nikasimama nikasubiri aurudie, nijue kama ameujua au amebahatisha. Hakurudia. Alishuka ngazi akaenda zake, na mimi bado nimesimama pale, maji yanamwagika.

Shangazi yako